Bakuli la Bi. Maddern

Siku serikali ilipowaomba radhi watoto wa sisi wenyeji asilia waliochukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao, halmashauri ya Burrawinda ilitundika shuka jeupe kwenye ukumbi wa mji ili wote tuione hotuba moja kwa moja kutoka Canberra. Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na tatu Februari 2008, saa tatu asubuhi, na joto lilikuwa limeshapita nyuzi thelathini. Viti vilikuwa mia mbili na vilijaa. Wazungu walikaa kulia, sisi tukakaa kushoto, kama ilivyokuwa katika sinema ya zamani, ingawa safari hii hakuna aliyetupangia.

Mwenyekiti wa halmashauri, Trevor Quill, alipita kati ya viti mpaka akamfikia shangazi yangu, Ilma Tarrant.

"Shangazi Ilma," alisema, kola ikiwa imelowa jasho, "baada ya hotuba tungependa upande jukwaani uipokee, kwa niaba ya watu wako."

"Nipokee nini, Trevor?"

"Radhi."

"Imefungwa kwenye karatasi, au nije na kikapu?"

Trevor alicheka peke yake, akaona hakuna anayemsaidia, akaenda kurekebisha maikrofoni ambayo haikuwa na kasoro.

"Jana nilikuwa Ilma," shangazi aliniambia bila kushusha sauti. "Leo nimekuwa shangazi yake. Bado kidogo tu atakuja kuniomba posa."

Hotuba ilikuwa nzuri. Nasema hivyo kama mtu anayesikiliza hotuba kwa kazi: mimi ni karani wa mahakama ya Burrawinda, na nimesikia watu wengi wakiomba radhi, wengi wao dakika tano kabla ya hukumu. Waziri mkuu alilitamka neno lenyewe bila kulizunguka. Upande wetu watu walilia, na upande wa pili pia wako waliolia. Des Lunt, mwenye bucha, alijifuta macho kwa aproni. Kiongozi wa upinzani alipoanza kusema, na kudai kwamba waliochukua watoto walikuwa na nia njema, watu wetu walisimama na kuligeuzia shuka mgongo. Mjomba wangu Clarrie, kaka wa mama yangu, ana goti bovu na hawezi kusimama muda mrefu, kwa hiyo aligeuza kiti. Kiti kilipogeuka kilitazamana na meza ya sandwichi, naye hakulalamika.

Shangazi Ilma hakulia. Alikunja mikono toka mwanzo hadi mwisho, na tulipotoka nje nilimuuliza ameonaje.

"Amesema vizuri. Ila hakusema nani."

"Amesema serikali, Shangazi."

"Mimi sikuchukuliwa na serikali, Ros. Nilichukuliwa na gari la bluu. Na aliyeliendesha anakaa Mtaa wa Church, nambari kumi na mbili, na leo hakuja."

Alimaanisha Les Maddern. Mwaka 1951 Les Maddern alikuwa konstebo wa miaka ishirini na mitatu, na Shangazi Ilma alikuwa na miaka saba. Tarehe kumi na nane Septemba, afisa wa Bodi ya Ustawi alifika misheni, walikowekwa watu wetu, akiwa na Les kama dereva, akamchukua Ilma, akampeleka kwenye nyumba ya wasichana umbali wa kilomita mia nne, alikofundishwa kufagia nyumba za watu. Huko mlezi mkuu alimwambia kwamba mama yake mwenyewe ndiye aliyemtoa. "Alitia saini," alimwambia. "Karatasi ninayo." Ilma aliporudi akiwa na miaka kumi na minane, mama yake alikuwa ameshakufa miaka mitatu nyuma.

Karatasi ilikuwapo kweli. Mwaka 1999 niliandika kwa idara ya kumbukumbu huko Sydney na wakatuletea nakala. Ilisema kwamba mama, Hazel Tarrant, amekubali kwa hiari yake, na mahali pa saini palikuwa na alama ya msalaba. Chini yake: imeshuhudiwa na Konstebo L. Maddern. Sasa, nyumbani tunacho kitabu cha nyimbo cha bibi yangu, na ndani ya jalada ameandika jina lake lote kwa wino, herufi zimelala upande mmoja kama nyasi kwenye upepo. Mtu anayeandika hivyo hachori msalaba.

Kwangu hilo lilitosha, na lilimtosha baba yangu, mdogo wake Ilma, aliyelelewa na mama huyo mpaka alipofariki. "Mama asingefanya hivyo," alikuwa akisema mpaka alipokufa naye. Lakini halikumtosha Shangazi.

"Asingefanya si sawa na hakufanya," alisema. "Labda walimtisha. Labda alikuwa na homa, mkono unatetemeka. Yuko mtu mmoja tu aliyekuwepo na bado anapumua."

Mwaka huohuo wa 1999 alikwenda nambari kumi na mbili akabisha hodi. Les Maddern alifungua, akamwona, akafunga. Wakili aliandika barua, na jibu likaja kwamba Bwana Maddern hana kumbukumbu. Tangu hapo akimwona Ilma dukani huacha toroli lake katikati ya njia na kutoka. Na Ilma, ambaye hakosi mazishi hata ya watu aliogombana nao, hajawahi kusimama kwenye kaburi la mama yake. Anaingia makaburini kwa lango la juu na kutoka kwa lango la juu. "Nikijua, nitaenda," aliniambia mara moja, na hatukulizungumza tena.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Jumatano jioni. Alhamisi zikaanza keki.

Hapa lazima nieleze sheria za bakuli. Mjini kwetu mtu akifiwa hupelekewa chakula. Kila mama wa Burrawinda ana bakuli la kioo, lile la kuingia kwenye oveni, ambalo kazi yake ni matanga ya watu, na chini yake amebandika kipande cha plasta nyeupe chenye jina lake. Ukiletewa bakuli, hukai nalo zaidi ya wiki mbili. Hulitumi kwa mtu, unalirudisha mwenyewe. Hulirudishi tupu. Na mwenye bakuli hawezi kulipokea mlangoni akakuaga: lazima akuingize jikoni akupe chai. Sheria hizi hazijaandikwa popote. Nimekaa mahakamani miaka ishirini na mbili, na naweza kusema kwamba hakuna sheria iliyoandikwa inayofuatwa hivyo.

Wazungu wa Burrawinda, baada ya serikali yao kuomba radhi kwa niaba yao, walirudi nyumbani wakiwa na hisia kubwa na wasijue pa kuiweka. Wakafanya kitu pekee wanachokijua. Wakawasha oveni.

Wa kwanza alikuwa Bi. Joyce Pember, mwenyekiti wa chama cha akina mama wa mashambani. Alisimama barazani kwa Shangazi na pai ya kuku.

"Ilma, nimekuja kusema samahani."

"Kwa lipi?"

"Kwa... kwa yote yaliyotokea."

"Yote ni mengi, Joyce. Chukua moja."

Joyce alimtazama, akamtazama Mjomba Clarrie aliyekuwa kwenye kiti cha kamba, akaitazama pai. Nilidhani atageuka arudi kwenye gari. Lakini Joyce ni mtu wa kamati, na swali likiwa kwenye ajenda hulijibu.

"Bwawa la kuogelea," alisema hatimaye. "Mwaka sitini na nne. Mimi ndiye niliyekuwa nakata tiketi. Ulikuja na mdogo wako, nikawarudisha."

"Nakumbuka. Ulivaa kofia ya njano."

"Ilikuwa ya kijani."

"Njano, Joyce."

"Njano," alikubali Joyce.

"Basi. Hilo limepokelewa. Weka pai hapo."

Alipoondoka, Mjomba Clarrie aliinua foili akanusa. "Shemeji, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Sasa mbona tunakula hivi?"

Habari zilienea mjini kwamba Ilma Tarrant hapokei radhi za jumla. Ungetegemea hilo liwakimbize watu. Liliwaleta. Walikuja na mabakuli yao wakiwa wameshachagua, wengine wameandika kwenye kikaratasi. Des Lunt wa bucha alileta soseji kwenye bakuli la mkewe na kusema kwamba kwa miaka mingi, watu wa misheni walipopimiwa nyama, kidole chake kilikuwa kwenye mizani.

"Kidole kipi?" aliuliza Shangazi.

Des alikionyesha. Shangazi akakitazama kwa makini, akaniambia nami nikitazame.

Mke wa aliyekuwa mkuu wa posta aliomba radhi kwa jambo alilowahi kulisema juu ya Ilma na fundi umeme mmoja mwaka 1973.

"Hilo sikulijua," alisema Shangazi. "Lakini ahsante. Sasa nalijua."

Alikuja pia jirani wa mtaa wa pili, Gavin, kutangaza kwamba yeye haombi radhi, kwani alizaliwa mwaka sabini na hajamchukua mtoto wa mtu. Mkononi alikuwa na lamingtoni kumi na mbili, keki za mraba zilizoviringishwa kwenye chokoleti na nazi.

"Hizo ni za nini?"

"Mke wangu kanituma."

"Sawa. Weka keki, radhi yako rudi nayo."

Wako waliochanganyikiwa kabisa. Hospitalini watu watatu kwa nyakati tofauti walimshika mkono Daktari Fonseka wakamwomba radhi huku machozi yakiwalenga. Daktari Fonseka anatoka Sri Lanka. Alizipokea zote tatu kwa adabu, na wa tatu akamwandikia dawa ya shinikizo la damu.

Kufikia Jumamosi kulikuwa na mabakuli kumi na manane. Jumapili asubuhi tulikuta la kumi na tisa. Halikuwa na mtu. Lilikuwa kwenye ngazi ya chini ya baraza, limefunikwa foili: tambi na samaki wa kopo zilizookwa kwa jibini. Mjomba Clarrie alilinyanyua juu ya kichwa chake kusoma plasta, mchuzi ukamdondokea shingoni.

"Bi. L. Maddern," alisoma. Akalishusha polepole. "Shemeji, huyu alikufa miaka mitano iliyopita. Sasa wafu ndio wanaotuletea chakula sisi."

Haikuwa siri ngumu. Les anaishi na binti yake, Janine, mwalimu wa chekechea. Janine alikuwa ukumbini siku ile, amesimama nyuma karibu na mlango. Mtaa wa Church una nyumba kumi na nne, na kumi na tatu zilikuwa zimeshapeleka bakuli. Mwanamke wa Burrawinda anaweza kuvumilia mengi, lakini si kuwa jiko la kumi na nne. Alipika, akatumia bakuli la marehemu mama yake kwa sababu ndilo la matanga, akalileta alfajiri, akakimbia. Juu ya plasta hakuwaza. Hakuna anayewaza juu ya plasta. Mikono huliosha bakuli na plasta hubaki.

Shangazi Ilma alilipokea kutoka kwa Clarrie, akaligeuza, akasoma mwenyewe. Kisha akaliweka mezani bila kufunua foili.

"Huzili?" aliuliza Clarrie.

"Sina njaa."

"Tambi hazina kosa," alisema Clarrie, akazila.

Kuanzia Jumatatu tulianza kurudisha. Mimi niliendesha gari jioni baada ya kazi, mabakuli mawili au matatu kwa siku. Shangazi alijaza malimau ya mti wake, au mikate iliyookwa kwenye majivu. Bakuli la Joyce Pember alilitilia mkia wa kangaruu, na manyoya yake. Joyce alifunua kitambaa, akavuta pumzi, akasema, "Ooo, Ilma, usingejisumbua," na kwa sababu sheria ni sheria akaweka mkia kwenye friji yake nyeupe kati ya maziwa na jeli. Tukapewa chai.

Kila jikoni ilikuwa hivyo. Mlango wa mbele, kiti, kikombe chenye kisahani. Siku ya nne, tukiwa garini, Shangazi alisema, "Jikoni saba kati ya hizi nimezifagia. Kila kiti nilichokikalia nimewahi kukiinua kupiga deki chini yake."

"Unajisikiaje?"

"Vingine vimelegea miguu."

Zilipita siku kumi na mbili. Mabakuli kumi na manane yalikuwa yamerudi kwao. La kumi na tisa lilikaa juu ya kabati, limeoshwa, plasta iko palepale. Siku ya kumi na tatu, Jumamosi alasiri, Shangazi alinipigia simu.

"Ros, muhuri wako unao?"

Karani wa mahakama nchini kwetu aweza kuwa pia na mamlaka ya kushuhudia viapo. Mimi ninayo, na muhuri nautembeza mkobani kama wengine wanavyotembeza rangi ya mdomo.

"Uko mkobani."

"Na zile fomu?"

"Shangazi, huwezi kumlazimisha mtu aape."

"Nani kazungumza habari ya kulazimisha? Narudisha bakuli la watu. Kesho wiki mbili zinaisha."

Nilipofika nilimkuta amevaa gauni lake la kanisani. Malimau hayakuwamo. Ndani ya bakuli aliweka nakala ya karatasi ya mwaka 1951, akaifunika kwa kitambaa cha vyombo chenye picha ya malkia.

Janine alifungua mlango, akaliona bakuli kabla hajatuona sisi.

"Aa. Bi. Ilma. Mngeliacha tu hapo mlangoni, hakuna shida."

"Mlangoni?" alisema Shangazi. "Janine, mama yako angesemaje?"

Nilimwona Janine akiwaza angesemaje. Akasogea pembeni, tukaingia.

Les Maddern alikuwa mezani jikoni, mzee mkavu wa miaka themanini, akipanga vipande vya mchezo wa kuunganisha picha, picha yenyewe ya kasri. Alituona akaweka mikono mezani ainuke.

"Baba, kaa," alisema Janine. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Wamerudisha bakuli la Mama."

Alikaa. Ninaamini kwamba kama tungekuwa na polisi, mawakili na kamera ya televisheni, angetoka kwa mlango wa nyuma. Lakini bakuli lilikuwa la mkewe, na sheria za bakuli alizijua.

Chai ikamiminwa. Shangazi aliinywa taratibu, akasifu maua ya dirishani, akasema mvua ya mwaka huu ni aibu. Les alishika kipande kimoja cha kasri na hakukipachika popote. Kikombe kilipokuwa tupu, Shangazi alilisukuma bakuli mezani mpaka likagusa kasri.

"Halirudi tupu," alisema. "Fungua, Les."

Les alifunua malkia. Alitoa miwani mfukoni, akasoma, akaivua miwani, akaivaa tena.

"Ni zamani sana, Ilma."

"Sijauliza lini. Tarehe imeandikwa. Jina lako nalo liko chini."

"Naliona."

"Hiyo alama ni ya nani?"

Nilikitoa kitabu cha nyimbo mkobani nikakifungua kwenye jalada, nikakiweka kando ya karatasi. Les alilisoma lile jina lililoandikwa kwa wino. Nyuma yake Janine alikuwa akiniongezea chai, na kikombe kilijaa, na kisahani kikajaa, na chai ikaanza kwenda kwenye kasri.

"Mwandiko wake naujua," alisema Les.

"Nimekuuliza alama."

"Yangu." Alikohoa. "Nimeichora mimi."

"Anza mwanzo."

Alianza mwanzo. Alisimulia vizuri, lazima nikiri. Mtu aliyekuwa polisi hasahau kupanga ushahidi. Walifika misheni saa tano. Hazel Tarrant hakuwepo, alikuwa kazini hotelini akifua mashuka, na mtoto mdogo mgongoni. Les alimwambia afisa wa Bodi kwamba mama hayupo. Afisa alitaka kuwahi treni ya saa nane mchana. Alisema, weka alama wewe, hawa hawajui kuandika. Les akaweka.

"Halafu?"

"Halafu alikuja kituoni. Alhamisi ile. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alileta barua, ameiandika mwenyewe. Ilikuwa nzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika mimi. Hapo ndipo nikajua."

"Ukamwambia nini?"

"Sikumwambia. Nilijificha chumba cha nyuma."

"Na Alhamisi iliyofuata?"

"Alikuja. Alikuja kila Alhamisi mpaka Krismasi."

"Na wewe?"

"Chumba cha nyuma."

Baadaye nilihesabu kwenye kalenda ya mwaka ule. Ni Alhamisi kumi na nne.

Shangazi Ilma alitazama dirishani yalipo maua. Les akajikohoza, akanyoosha mgongo, uso wake ukachukua ile sura niliyoiona kwenye baraza letu mara nyingi wiki zile.

"Ilma, nataka kusema kwamba mimi—"

"Usiseme," alisema Shangazi. "Za kusema ninazo nyingi, na moja ya waziri mkuu. Wewe andika."

Nilitoa fomu. Nilimsomea onyo linalohusu tamko la uongo, nikamuuliza kama ameelewa na kama anaandika kwa hiari. Alisema ndiyo mara zote mbili. Aliandika kwa herufi kubwa kubwa, na Shangazi alisimama begani kwake.

"Weka na mashuka."

"Nimeweka hoteli."

"Weka mashuka. Na mtoto mgongoni. Huyo alikuwa baba yake Ros. Na Alhamisi ziweke."

Aliziweka. Alipotia saini niligonga muhuri, nikaandika saa: kumi na dakika ishirini alasiri. Les aliitazama fomu mikononi mwa Shangazi.

"Utaipeleka wapi? Kwenye magazeti?"

"Naipeleka kwa mtu mmoja tu," alisema Shangazi. "Ahsante kwa chai."

Tulikuwa tumeshafika mlangoni Janine alipotukimbilia. Katikati ya mambo yale yote alikuwa ameliosha bakuli, akalifuta na kulijaza skonzi. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa analia, na mikono yake ilikuwa imefanya inachokijua.

"Mungu wangu," alisema Shangazi garini, bakuli likiwa mapajani. "Mambo haya hayana mwisho."

Kesho yake, Jumapili saa mbili asubuhi, niliwapeleka makaburini yeye na Mjomba Clarrie. Nilielekea lango la juu kwa mazoea.

"La chini," alisema Shangazi.

Bibi yangu yuko sehemu ya misheni, kando ya ua, chini ya msalaba wa bomba la chuma aliouchomelea baba. Shangazi alivaa miwani, akasimama mbele yake, akasoma tamko lote kwa sauti ya mahakamani, kuanzia "Mimi, Leslie Arthur Maddern" mpaka mashuka, mtoto, treni na Alhamisi. Alisoma hata muhuri wangu na namba yake. Halafu akalikunja mara nne, akaliweka kifuani mwa gauni.

"Basi," alimwambia mama yake. "Nilichelewa kidogo."

Alikaa chini kwenye nyasi kavu, na sisi tukakaa. Tulikula skonzi. Mjomba Clarrie alitafuna ya kwanza kwa muda mrefu.

"Ngumu," alisema. "Mama yake alikuwa anapika vizuri zaidi. Hata alipokuwa ameshakufa."

Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. Bakuli lilipobaki tupu, aliligeuza, akaingiza ukucha chini ya plasta ya zamani akaibandua. Aliomba kalamu yangu. Kutoka kwenye pochi alitoa plasta mpya, kwa hiyo najua alikuwa ameshapanga, akaibandika akaandika juu yake jina la mama yake, lote, herufi zikilala upande mmoja. Akaliweka bakuli chini ya msalaba na kulijaza malimau ya mti wake aliyokuja nayo.

Janine Maddern ameniuliza mara mbili habari za bakuli la mama yake, mara ya pili hapo kaunta ya mahakama, kwa upole sana. Nilimjibu kama ninavyomjibu mtu yeyote anayedai mali bila ushahidi. Nilimwambia bakuli la namna hiyo nimeliona, ila lina jina la mtu mwingine.